Vikalio vya springi vya nyuma vyenye thredi kwa BMW E46: vya juu, vya chini, au nibaki na spesa za mpira?

#1 Kisongo_E46 (Arusha)

Habari zenu wakuu. Nina BMW 318i ya mwaka 2003, bodi ya E46, iliyoingia nchini kutoka Japani ikiwa na springi fupi ambazo mmiliki wa kwanza alizifunga ili gari likae chini. Mjini halinisumbui, lakini nikibeba watu wanne na mizigo kwenda Karatu, mkia unazama kiasi kwamba kila tuta ninalipanda kwa upande na bado sakafu inagusa. Sitaki kurudisha springi za kiwandani, kwa sababu napenda namna gari linavyotulia kwenye kona kwa sasa. Nimeamua kuweka vikalio vya springi vinavyorekebishika kwa nyuma (sahani zinazokaliwa na springi, zinazopanda na kushuka ukizungusha pete yake yenye thredi), ili nipandishe mkia wakati wa safari na kuushusha nikirudi.

Nimekuta aina mbili. Moja inafungwa chini, juu ya mkono unaobeba springi, na nyingine inafungwa juu, pale springi inapogusa bodi. Fundi wangu anasema vyote ni kupoteza fedha na kwamba spesa za mpira zinatosha. Nichague kipi, na kwa sababu gani? Mjue pia kwamba upande wa kulia nyuma umekaa chini kuliko wa kushoto kwa takriban milimita 12.

#2 GofuNyeusi (Nairobi)

Karibu sana, mkuu. Mimi natumia Golf ya kizazi cha tano, ambayo kwa nyuma springi na shokapu zimetengana kama kwako, na nilifunga vya chini. Vinafikika kwa urahisi: unainua gari, unaingiza ufunguo, unazungusha. Faida nyingine ni kwamba ukipandisha kikalio springi inakazika, kwa hiyo gari linakuwa gumu kidogo na halizami tena likibebeshwa mzigo. Spesa haitakupa hilo.

#3 Toki_na_Spana (Dar es Salaam)

Asante kwa mada. Naomba kusahihisha jambo moja katika #2 kabla halijawa ushauri wa kununulia vifaa. Kupandisha kikalio hakuifanyi springi ya kawaida iwe ngumu zaidi. Uzito unaolalia gurudumu lile ni uleule, kwa hiyo springi inabonyea kiasi kilekile. Kinachobadilika ni mahali inapoanzia, na bodi inapanda. Springi inayohitaji kilo 9 ili ibonyee milimita moja itaendelea kuhitaji kilo 9, uiweke juu au chini. Ukipakia mizigo, mkia utashuka kwa kiasi kilekile ulichokuwa ukishuka zamani, ila utaanza kushuka ukiwa juu zaidi.

La pili linahusu umbo la gari lenyewe. Springi ya nyuma ya E46 haikai juu ya gurudumu. Imekaa kwenye mkono unaoibeba, katikati ya subfremu (fremu ndogo inayoshika mikono chini ya bodi) na gurudumu, huku shokapu ikiwa imefungwa kando, kwenye mkono mrefu unaoshika gurudumu. Kwa kuwa springi iko ndani, mwendo wake ni takriban theluthi mbili ya mwendo wa gurudumu. Ukipandisha kikalio kwa milimita 10, ukingo wa madigadi unapanda karibu milimita 15. Kikalio ambacho thredi zake zina hatua ya milimita 2 kitakupa takriban milimita 3 za bodi kwa mzunguko mmoja kamili. Watu wengi hawalijui hili. Huzungusha kama wanavyozungusha za mbele, kisha hushangaa mkia kuwa juu kuliko boneti.

Na kwa kuwa uwiano huo huhesabiwa mara mbili kwenye ugumu (theluthi mbili mara theluthi mbili), ile springi ya kilo 9 gurudumuni inahisika kama ya kilo 4. Ndiyo maana springi za nyuma za magari haya huandikwa namba kubwa ambazo humtisha mtu asiyeujua mpangilio wake.

#4 Kisongo_E46

Nimeelewa, mkuu. Kwa hiyo nikitaka bodi ipande milimita 30, kikalio kinahitaji kupanda takriban 20 tu? Na nipime kutoka wapi, kwa sababu tairi zangu za nyuma zimelika kuliko za mbele?

#5 Toki_na_Spana

Ndiyo, anza na 20 kisha upime. BMW wenyewe hupima kutoka ukingo wa chini wa rimu hadi ukingo wa madigadi, ukipita katikati ya gurudumu, ili hali ya tairi na upepo wake visiingie kwenye hesabu. Utaratibu wao wa alaimenti unataka gari liwe na mafuta tangi zima, uzito wa kilo 68 kwenye kila kiti cha mbele, kilo 68 katikati ya kiti cha nyuma, na kilo 21 kwenye buti. Ukipima gari tupu unapata namba nyingine kabisa. Baada ya kulishusha kutoka kwenye jeki, lisukume mbele na nyuma mita kadhaa kabla ya kupima, kwa sababu tairi hubana zikitua na huzuia mikono isikae mahali pake.

#6 GofuNyeusi

Ndugu Toki, hesabu zako nazikubali kwenye karatasi. Lakini mimi ndiye ninayeliendesha gari langu, na baada ya kupandisha vikalio lilikuwa gumu. Abiria wa nyuma walilisema wenyewe bila kuulizwa. Kama springi haikukazika, ni nini kilichobadilika?

#7 DadaSpana (Mwanza)

Kaka Gofu, ugumu ulioupata ninauamini, ila chanzo chake nadhani ni shokapu. Bodi ikipanda, shokapu inanyooka zaidi ikiwa imesimama tu. Ukiwa na shokapu fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lililoshushwa, halafu ukapandisha mkia kwa milimita 30, unabaki na nafasi ndogo sana ya gurudumu kushuka. Gurudumu likifika kwenye shimo, shokapu inafika mwisho wake kabla tairi halijafika chini, na kile kishindo ndicho abiria wanachokiita ugumu. Kwa barabara zetu, nafasi ya gurudumu kushuka ina thamani sawa na nafasi ya kupanda.

Kwa hiyo, mkuu Kisongo, swali la kwanza kabla ya juu au chini ni hili: shokapu zako ni za urefu gani? Fungua nati ya chini ya shokapu, inua gari, uone gurudumu linashuka kiasi gani shokapu ikiwa haipo, kisha ulinganishe na ikiwepo. Hakikisha pia kwamba, gurudumu likining'inia kabisa, springi bado inabanwa. Springi fupi iliyo huru inaweza kuruka kutoka kwenye kikalio ukiwa barabarani, na ikirudi, hairudi ilipokuwa. Kama kuna uwazi, chagua kikalio chenye ukingo mrefu unaoingia ndani ya springi, au uweke springi nyembamba ya kusaidia juu yake.

#8 Mzee_wa_W124 (Unguja)

Salaam aleikum vijana. Maelezo ya bibi wa Mwanza ni mazuri, ila mimi ningeangalia bushi kwanza. Bushi za mikono ya nyuma katika magari haya ya Kijerumani ni raba iliyogandishwa kwenye chuma pande zote mbili, haizunguki, inajipinda. Fundi akizikaza gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, siku gari linapotua bushi zote zinakuwa zimejisokota na zinasukuma mikono kurudi chini. Gari linakuwa gumu na linakaa juu kuliko linavyostahili, kisha taratibu raba zinachanika na gari linashuka, na mwenye gari anailaumu springi. Nati za mikono hukazwa gari likiwa limekalia uzito wake. Ukibadilisha urefu kwa vikalio, mikono yote imepata pembe mpya. Legeza nati zile, kisha uzikaze upya kwenye urefu mpya. Nimeona kazi nyingi za vikalio zikifanywa, na hatua hii ikarukwa karibu kila mara.

#9 Bonde_la_Ufa (Nakuru)

Naongeza la tatu, kwa heshima kwa waliotangulia. Springi fupi nyingi zinazouzwa madukani si za ugumu ulio sawa. Mizunguko ya ncha moja imesogeleana, ili ilale kwanza na kuiachia kazi mizunguko mipana. Maelezo ya #3 ni sahihi kwa springi ya mizunguko iliyolingana. Kwa hizi nyingine, ugumu unategemea mizunguko mingapi imekwisha kulala. Ni kweli kwamba uzito ukiwa uleule, mizunguko iliyolala ni ileile. Lakini ukipandisha upande mmoja kuliko mwingine, upande ule unabeba uzito zaidi, na hapo springi zako mbili hazina tena ugumu mmoja.

#10 GofuNyeusi

Sasa nimepewa sababu tatu na kila moja inaonekana ya kweli. Zangu ni springi za mizunguko iliyosogeleana, na bushi sikuzilegeza. Nitaanza na ushauri wa mzee, maana hauhitaji kununua kitu.

#11 PwaniChumvi (Tanga)

Narudi kwenye swali la mwanzo la juu au chini, kwa sababu huku kwetu jibu linaamuliwa na kutu. Kikalio cha chini kinakaa ndani ya bakuli la mkono unaobeba springi, na bakuli lile hukusanya mchanga, tope na maji. Aluminiamu ikikaa juu ya chuma katika unyevu wenye chumvi, inaota unga mweupe na pete inagandana na thredi. Nimewahi kuona kikalio ambacho pete yake haikuzunguka hata kwa bomba la mita moja mwishoni mwa ufunguo. Fundi alilazimika kuikata kwa gurudumu la kukatia. Kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya kurekebishwa kilikuwa kimekwisha kuwa spesa ya bei ghali.

Kikalio cha juu kinaishi mahali pakavu zaidi. Ni kweli kukifikia ni taabu, lakini mtu anayejali gari lake hachezi na urefu kila wiki. Ukinunua cha chini kwa lazima, paka grisi ya kuzuia chuma kugandana siku ya kwanza kabla ya kufunga, kivalishe soksi ya mpira, na kioshe kwa maji ya bomba kila unaporudi kutoka kwenye vumbi. Vumbi la Arusha likilowa si rafiki kuliko chumvi yetu.

#12 DadaSpana

Kaka Pwani, nakubaliana nawe kuhusu kutu, lakini cha juu nacho kina shida yake. Kikalio cha juu kinaishusha springi nzima, na mkono unaobeba springi unapozunguka, ncha ya chini ya springi ndiyo inayolala pembeni. Kama kile cha juu ni kirefu na kimesimama wima bila kufuata pembe ya kiwandani, springi inajikunja kama upinde na inasugua. Angalia baada ya wiki chache kama kuna mikwaruzo inayong'aa upande mmoja wa mizunguko.

#13 Kisongo_E46

Nashukuru wote. Muuzaji wa vile vya juu anasema vinatumia springi iliyonyooka ya milimita 60. Je, naweza kuweka springi zangu za sasa?

#14 Toki_na_Spana

Pima kabla ya kulipa. Springi zilizonyooka za aina hii huja kwa kipenyo cha ndani cha milimita 60, au inchi 2.5 ambayo ni milimita 63.5. Tofauti ya milimita 3.5 inatosha kuifanya springi isogee juu ya kikalio, igonge kila unapopita kwenye rasta, na imalize rangi hadi kutu ianze. Springi zako fupi zilizotengenezwa kuchukua nafasi ya za kiwandani huenda zikawa na tumbo pana na ncha zilizobanwa. Hizo zinataka kikalio kilichotengenezwa kwa umbo hilo, chenye raba yake. Angalia pia ncha yenyewe. Springi iliyonyooka husagwa ncha ikawa bapa, na hukaa juu ya sahani bapa. Springi ambayo ncha yake imekatwa tu inataka kikalio chenye ngazi ya kuipokea ile ncha. Ukiiweka juu ya sahani bapa inasimama kwenye nukta moja, na hapo ndipo inapovunjikia.

#15 Muscat_Mswahili (Muscat)

Salaam kutoka Omani. Huku E46 bado zipo nyingi, na joto linakausha raba za springi hadi zinapasuka. Kabla ya kununua vikalio, toa raba ya juu na ya chini uzitazame. Raba iliyolika upande mmoja inaweza kabisa kuwa sehemu ya zile milimita 12 zako, hasa kwa kuwa milimita za kwenye springi huongezeka zikifika kwenye madigadi kama Toki alivyoeleza.

#16 Mzee_wa_W124

Umesema kweli, ndugu yangu. Na hapa nataka kumtetea kidogo fundi wa Arusha aliyetaja spesa, maana mmempita bila kumjibu. Mercedes W124 inatoka kiwandani na raba za springi za unene tofauti, zenye vinundu kimoja hadi vinne pembezoni, na kila kinundu huongeza takriban milimita 5. Fundi anahesabu vinundu kwa kidole na kusawazisha gari bila thredi, bila pete, bila kutu. Ninapobadilisha raba upande mmoja, ninajua haitazunguka yenyewe wala kulegea. Kwa mtu anayetaka urefu mmoja wa kudumu, raba nzuri ni suluhisho la heshima. Ninachokikataa ni kipande cha mpira wa tairi kilichopachikwa katikati ya mizunguko ya springi. Kile kinazuia mizunguko kufanya kazi, na mzigo wote unahamia kwenye mizunguko iliyobaki.

#17 Mkereza_Gerezani (Dar es Salaam)

Mzee amenena. Mimi nakereza spesa za aluminiamu na za nailoni ngumu, na ushauri wangu kwa wateja ni kwamba kipande kiwe na mdomo unaoingia kwenye bakuli la gari na mdomo mwingine unaoingia ndani ya springi. Wanaoleta michoro ya kitufe bapa ninawarudisha. Springi haipaswi kushikiliwa na uzito peke yake.

#18 Bonde_la_Ufa

Mkuu Kisongo, kwa nini usiondoe springi pale kabisa na kuweka shokapu yenye springi juu yake, kama za mbele? Urekebishaji unakuwa rahisi na ule uwiano wa theluthi mbili unapungua athari.

#19 Toki_na_Spana

Kwa E46 ningesita sana. Pale shokapu ya nyuma inaposhika bodi palitengenezwa kupokea nguvu za shokapu tu, na uzito wa gari ulipangiwa mahali pengine. Ukihamishia uzito wote pale, unahitaji kuimarisha bodi kwa bati la kuchomelea. Na kwa kuwa tayari inajulikana kwamba sakafu ya E46 huweza kupasuka pale subfremu inapofungwa, mtu yeyote anayegusa nyuma ya gari hili akague sehemu zile kwa tochi kabla ya kufikiria springi.

#20 Mzazi_wa_Mkonga (Dodoma)

Samahani kwa kuingilia. Nina Land Cruiser 80 ambayo nayo ina springi za duara nyuma. Je, vikalio hivi vinanifaa?

#21 DadaSpana

Kaka, gari lako lina ekseli ngumu, na hapo mambo yanabadilika. Ekseli ile inazuiwa kwenda pembeni na fimbo moja inayovuka kutoka bodi hadi ekseli. Ukipandisha bodi, fimbo inabadilisha pembe na ekseli nzima inasogea upande mmoja. Kagua pia kama gari lako lina ile vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa kijifimbo. Vali hiyo hupima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya bodi na ekseli. Ukipandisha mkia, inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma, hata kama umepakia magunia. Lazima kijifimbo kirekebishwe. Tafadhali fungua uzi wake, tutakuja huko.

#22 Kisongo_E46

Narudi na taarifa. Nimehamisha springi ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia, raba zikabaki mahali pake. Tofauti ilikuwa milimita 12, sasa imebaki takriban 5, na bado kulia ndiko chini. Raba ya juu ya kulia ina ufa. Kuhusu shokapu, DadaSpana alikuwa sahihi kuuliza: ni fupi, na zinaniachia nafasi ndogo. Kwa hiyo naelekea kuachana na wazo la kupandisha na kushusha, niweke urefu mmoja.

#23 PwaniChumvi

Uamuzi mzuri. Kila urefu mpya hubadilisha kemba (mlalo wa gurudumu kwenda ndani au nje) na mwelekeo wa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kubadilisha kila safari kungekulazimu kurudi kwenye alaimenti kila safari, au kula tairi kwa ndani. Kama una taa za zenoni, kuna kihisi kilichofungwa kwenye mkono wa nyuma. Nacho kirekebishwe, usije ukawapofusha wenzako usiku.

#24 Mzee_wa_W124

Springi ingekuwa ndiyo mkosaji pekee, kushoto sasa kungekuwa chini kwa 12. Kusingekuwa na kosa lake kabisa, 12 zingebaki kulia. Umepata katikati, maana yake springi imechangia kidogo na kitu kingine kinachangia zaidi. Mimi naiweka shilingi yangu kwenye ile raba yenye ufa.

#25 Bonde_la_Ufa

Mimi naona mbele, mzee. Gari ni kama kitanda cha miguu minne: ukiinua mguu mmoja wa nyuma, wa mbele upande wa pili nao unapokea mzigo. Springi ya mbele kushoto ikiwa ndefu kidogo, nyuma kulia itakaa chini hata kama kila kitu cha nyuma ni kipya. Akiweka vikalio na kupandisha kulia peke yake, ataficha dalili, kisha gari litafunga breki likivuta upande mmoja.

#26 Toki_na_Spana

Kisongo, fungua linki za stebilaiza (fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona) za mbele na nyuma, kaa kwenye kiti cha dereva, na umwambie mtu apime pembe zote nne kutoka kwenye rimu. Tuwekee namba nne hapa kabla hujamlipa muuzaji. Kama stebilaiza ndiyo inayoinua upande mmoja, hakuna kikalio cha juu wala cha chini kitakachokusaidia.